Bahasha ya CT skani Tabora: picha nzuri, makabidhiano mabaya

Tangu mashine za CT, zinazopiga picha za ndani ya mwili, zisogezwe hadi hospitali za rufaa za mikoa, familia ya Tabora yenye mama mwenye saratani ya matiti iliyosambaa haina tena haja ya kupanda basi hadi Mwanza kwa ajili ya picha tu. Ni nafuu kubwa, hasa kwa mgonjwa mwenye maumivu ya mgongo, ambaye kwake safari ya kupitia Nzega na Shinyanga ni adhabu. Hapa tunaipima huduma hiyo kwa jicho la anayemsindikiza mzazi, kuanzia dirishani hadi bahasha ya kaki inapofika mezani kwa daktari. Picha tunazipa alama za juu. Namna majibu yanavyokabidhiwa, hapana.

Chumba cha kipimo chenyewe hakina shida. Wanaorudishwa nyumbani mara nyingi ni wale waliokuja bila majibu ya kreatinini (kipimo cha damu): dawa ya rangi, inayochomwa mshipani ili picha ionekane vizuri, hutolewa mwilini na figo, kwa hiyo mtaalamu anataka kwanza kujua figo zikoje. Kwa kawaida mama hatakiwi kula kwa saa 4 kabla, ila maji anywe kama hajakatazwa. Kama anameza metformini ya kisukari, au aliwahi kuvimba midomo baada ya sindano ya rangi, semeni mapema. Semeni pia ni upande gani alitolewa matezi ya kwapa, ili kanula, kile kijibomba cha plastiki cha kupitishia dawa mshipani, iwekwe mkono wa pili. Mishipa iliyopitishiwa kemo, yaani dawa kali za saratani, hujificha. Kitambaa cha uvuguvugu juu ya mkono kinasaidia. Dawa ya rangi ikiingia, joto humshuka hadi kiunoni kana kwamba amejikojolea. Aambiwe kabla, maana wapo wanaojinyanyua kwa aibu na picha inaharibika. Lakini pale penye kanula pakiuma na kuvimba, aseme hapo hapo: dawa inavujia nje ya mshipa.

Kuhusu CD, msiondoke dirishani kabla ya kuhakiki jina, umri na tarehe, kisha mwombe ifunguliwe mbele yenu. CD tupu ipo, na CD ya mtu mwingine ipo. Siku hiyo hiyo inakiliwe kwenye flashi, folda zote pamoja na faili lililoandikwa DICOMDIR. Mkichukua vipande, programu ya daktari inaweza kugoma kuvifungua. Picha ya filamu iliyopigwa kwa simu na kutumwa WhatsApp haitoshi kupima kinundu cha milimita chache. Filamu ilazwe kati ya makaratasi mawili magumu, mbali na jua na joto la injini ya basi, kwa sababu nyingi za siku hizi huchapwa kwa joto na huweza kuwa nyeusi zikipata moto.

Sasa ripoti, na hapa ndipo huduma inapoanguka. Jina linaitwa, mnasaini, mnapewa bahasha, basi. Ndani yake Kiingereza kitupu. Mtoto aliyesoma anaifungua pale pale kwenye benchi, macho yanagonga neno “metastases”, anakaa kimya, na mama anausoma uso wake kabla ya mtu yeyote kumsomea karatasi. Neno hilo maana yake ni saratani iliyosambaa. Kwa mama aliyekwisha kuambiwa hivyo si habari mpya. Litajirudia karibu kila ripoti. La kutafuta ni mabadiliko tangu picha iliyopita, ndiyo maana bahasha za zamani lazima zisafiri na mpya. Bila hizo hata bingwa anabaki kukisia.

Chukueni mfano. Kinundu cha pafu kilikuwa mm 18, sasa ni 20. Cha ini kilikuwa 32, sasa 35. Jumla imetoka 50 hadi 55, yaani ongezeko la asilimia 10. Kwa kanuni za RECIST, ambazo madaktari hutumia kupima kama uvimbe umekua au umepungua, ugonjwa huhesabiwa umekua jumla ikipanda kwa angalau asilimia 20 na angalau mm 5 juu ya jumla ndogo kuliko zote iliyowahi kupimwa, au kikionekana kinundu kipya cha uhakika. Kwa hiyo hapo, kama 50 ndiyo jumla ndogo kuliko zote na hakuna kipya, ugonjwa umetulia. Mifupa nayo hudanganya: shimo linalopona huweza kujaa na kuonekana jeupe, likaandikwa kama doa jipya. Daktari hulipima pamoja na maumivu na vipimo vya damu vya mgonjwa kabla ya kubadili dawa.

Ushauri wetu ni kuchukua tarehe ya daktari kwanza, kisha picha ipangwe siku chache kabla yake, ili bahasha isilale nyumbani wiki mbili. Na mama aulizwe kabla ya kipimo: “Mama, majibu yakitoka tuyasikie wote kwa daktari, au niyasikie mimi kwanza?” Wajomba na kaka wakubwa hupenda kumficha ili asivunjike moyo. Hilo tunalipinga. Anayefichwa hugundua kwa mazungumzo yanayokatika akiingia sebuleni, na hofu anabaki nayo peke yake. Akisema hataki kusikia, hilo nalo liheshimiwe, ila aulizwe tena baadaye.

Kwa daktari, ulizeni kama dawa inaendelea au inabadilishwa, kama kuna mfupa ulio karibu kuvunjika, na picha inayofuata ni lini. Tiba ya mionzi bado ni safari, Bugando ya Mwanza au Ocean Road ya Dar es Salaam, na CD iende nanyi pamoja na barua ya rufaa.

Kuna dalili zisizosubiri bahasha. Maumivu mapya ya mgongo yanayozidi akilala, miguu kulegea au kufa ganzi, mkojo kugoma: huenda uti wa mgongo umebanwa, na ni hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku. Vivyo hivyo homa ya nyuzi 38 akiwa kwenye kemo, pumzi kukata, au kiu kali na kuchanganyikiwa. Anayempokea aambiwe mara moja kwamba mama ana saratani iliyosambaa, na aoneshwe ripoti ya mwisho.