Adapta ya Wi-Fi kwa Linux: angalia chipu kabla ya chapa

Anayenunua adapta ya Wi-Fi kwa ajili ya Linux hasa ananunua draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo kuongea na chipu. Antena, plastiki na jina lililopambwa kwenye kasha hayo ni ya baadaye. Adapta mbili za kampuni moja, zenye sura moja na jina moja, zinaweza kuwa na chipu tofauti ndani: moja ikashika mtandao mara tu inapochomekwa, nyingine ikakukesha kwenye terminali. Kwa hiyo orodha hii imepangwa kwa chipu, na kigezo cha kwanza ni kama draiva yake imo ndani ya kerneli (kiini cha Linux) yenyewe au itabidi uitafute nje na kuijenga upya kila kerneli inaposasishwa.

Kabla hujatoa pesa

Hakikisha kwanza kwamba kadi uliyonayo imekufa kweli. Andika `lspci -nnk` kwa kadi ya ndani au `lsusb` kwa ya USB. Ukiona kifaa kimetajwa lakini mstari wa "Kernel driver in use" haupo, tatizo ni la draiva. Draiva ikiwepo na mtandao hauonekani, jaribu `rfkill list`. Ikisema "Soft blocked: yes", amri ya `rfkill unblock wifi` inatosha. "Hard blocked: yes" maana yake ni swichi ya pembeni au kitufe cha kibodi kimezima redio, na hapo hakuna amri itakayosaidia.

Kisha tazama `sudo dmesg | grep -i firmware`. Kosa lenye namba -2 lina maana kwamba faili la fimweya, programu inayopakiwa ndani ya chipu yenyewe, halikupatikana kwenye diski. Chipu nyingi za kisasa hazifanyi lolote bila faili hilo, hata kama draiva ni kamili. Kwenye Debian, toleo la 12 la mwaka 2023 ndilo la kwanza ambalo kisakinishi chake rasmi kinakuja na fimweya zisizo huria. Kwa matoleo ya nyuma utaweka mwenyewe vifurushi kama `firmware-iwlwifi`, `firmware-realtek` au `firmware-atheros`. Wengi hununua adapta mpya kwa kukosa faili lisilofika hata megabaiti chache.

Ikiwa bado unahitaji kununua, andika `uname -r`, inayoonyesha toleo la kerneli yako, na uikumbuke namba hiyo. Ndiyo itakayoamua unaanzia wapi kwenye orodha.

1. Intel AX210, kwa mwenye nafasi ya M.2

Kama laptopu au ubao mama una nafasi ya M.2 (tundu la ndani la kadi ndogo) ya kadi ya Wi-Fi, ukubwa 2230, ufunguo, yaani mkato wa kadi, A au E, usihangaike na USB. AX210 inatumia draiva ya `iwlwifi` iliyomo kwenye kerneli, inahitaji 5.10 au zaidi, inashika 2.4, 5 na 6 GHz, na ina Bluetooth ndani yake. Ukiwa na kerneli ya zamani kidogo, AX200 inaanza na 5.1, unachokosa ni bendi ya 6 GHz tu.

Mtego uko kwenye namba inayofuata. AX201 na AX211 zinafanana na AX200 na AX210 kwa umbo na zinaingia kwenye nafasi ileile, lakini sehemu ya kazi ya redio inafanywa na prosesa au chipseti ya Intel yenyewe. Ukiziweka kwenye mashine ya AMD, au ya Intel isiyolingana, hazitaonekana kabisa. Soma namba yote mpaka tarakimu ya mwisho. BE200 ya Wi-Fi 7 nayo iache kama mashine yako ni ya AMD. Ina historia ya kukataa kuamka huko.

Viunganishi vya antena vya kadi hizi ni aina ya MHF4, vidogo kama punje ya mtama. Vishindilie wima kwa kidole mpaka usikie vimeingia. Ukivisukuma kwa upande vinapinda. Wi-Fi ikifanya kazi huku Bluetooth haionekani, huenda nafasi yako haina nyaya za USB, kwa sababu Bluetooth ya kadi hii inapita njia ya USB wakati Wi-Fi inapita PCIe. Baadhi ya laptopu za zamani pia zina BIOS inayokataa kadi isiyo kwenye orodha yake. Mashine itakataa kuwaka na kuonyesha ujumbe. Ulizia hilo kabla.

Jambo moja AX210 haifai: kusambaza mtandao kwenye 5 GHz. Fimweya ya Intel inaamua yenyewe sheria za masafa kulingana na mahali inapodhani ipo, na kwa kawaida inazuia kuanzisha hotspoti huko. Ukitaka kugeuza kompyuta kuwa ruta, ruka hadi namba 3.

2. MT7921AU, chaguo bora la USB

Hii ni chipu ya MediaTek ya Wi-Fi 6, na adapta nyingi zenye nayo zinashika pia 6 GHz. Draiva ni `mt7921u`, imo kwenye kerneli tangu 5.18. Inapatikana kwenye Alfa AWUS036AXML, Comfast CF-953AX na Netgear A8000, miongoni mwa nyingine. Ukiichomeka, `lsusb` kwa kawaida itaonyesha `0e8d:7961`. A8000 ina utambulisho wake, `0846:9060`, ulioingizwa kwenye draiva baadaye kuliko 5.18, kwa hiyo isipoamka kwenye kerneli ya wakati huo, kosa si la chipu.

Ikionekana kwenye `lsusb` lakini hakuna kiolesura kwenye `ip link`, nenda `/lib/firmware/mediatek` utafute mafaili mawili: `WIFI_MT7961_patch_mcu_1_2_hdr.bin` na `WIFI_RAM_CODE_MT7961_1.bin`. Huenda yamebanwa na kuishia kwa `.xz` au `.zst`, hayo ni sawa. Yakikosekana, sasisha kifurushi cha `linux-firmware`.

Adapta hii inakula umeme. Kwenye habu isiyo na umeme wake itakatikakatika, na `dmesg` itajaa "USB disconnect". Tena, tundu la USB 3 linapofanya kazi hutoa kelele kwenye masafa ya 2.4 GHz. Waya wa kurefusha wa nusu mita hivi, unaoiweka adapta mbali na kompyuta, unaponya tatizo ambalo watu hulitafutia draiva mpya kwa wiki nzima.

3. MT7612U na MT7610U, kwa kerneli za zamani na kwa hotspoti

Draiva zake, `mt76x2u` na `mt76x0u`, zimo tangu kerneli 4.19 ya mwaka 2018. Kwa hiyo hata distro (toleo la Linux) ya seva isiyobadilika kwa miaka inazijua. MT7612U ni Wi-Fi 5 yenye mikondo miwili, iko kwenye Alfa AWUS036ACM. MT7610U ina mkondo mmoja, kikomo 433 Mbps kwenye 5 GHz, iko kwenye AWUS036ACHM. Zote zinakubali kusambaza mtandao kwenye 5 GHz kupitia `hostapd`, programu ya kugeuza kadi kuwa kituo cha Wi-Fi, na hapo ndipo zinapoishinda AX210 kwa mbali.

Ukiitumia MT7612U kama kituo cha kusambaza mtandao kwenye tundu la USB 3 na kasi ikaporomoka au ikaganda, andika mstari huu kwenye faili `/etc/modprobe.d/mt76_usb.conf`, kisha washa upya mashine:

`options mt76_usb disable_usb_sg=1`

Unazima njia moja ya kuhamisha data kwa vipande ambayo baadhi ya vidhibiti vya USB haviiwezi. Kwa matumizi ya kawaida ya kuunganisha tu, usiguse.

4. AR9271 na RT5370, za akiba

Ni za 2.4 GHz pekee, kikomo 150 Mbps, na uhalisia ni chini ya hapo sana. Kwa nini basi zimo? Kwa sababu zinaamka karibu kila mahali. Fimweya ya AR9271 ni huria, Debian inayo kwenye hazina yake kuu kwa jina `firmware-ath9k-htc`, na draiva `ath9k_htc` imo tangu kerneli 2.6.35. Ni adapta ya kuweka kwenye droo kwa ajili ya kusakinisha mfumo kwenye mashine ambayo kadi yake haijulikani. Wa OpenBSD, mfumo mwingine wa jamii ya Unix, watazikuta zote mbili kwenye draiva za `athn` na `run`, na ya `athn` inahitaji fimweya ya kupakuliwa kwa `fw_update`. Wa FreeBSD, ndugu yake, wachague RT5370, inayoendeshwa na `run`.

Hapa ndipo penye mfano maarufu wa udanganyifu wa jina. TP-Link TL-WN722N toleo la 1 ina AR9271. Toleo la 2 na la 3, zenye jina lilelile, zina RTL8188EUS ya Realtek. Toleo huandikwa kwa maandishi madogo kwenye lebo, pengine "Ver: 2.0". Muuzaji asipoonyesha picha ya lebo, chukulia kwamba si la kwanza.

5. Realtek, kwa masharti

Ndizo zimejaa sokoni, na ndizo zilizojaza malalamiko. Lakini hali imebadilika, na ushauri wa zamani wa kuzikimbia zote umepitwa.

RTL8822BU, RTL8821CU na ndugu yake RTL8811CU zimo kwenye kerneli tangu 6.2, kupitia draiva ya `rtw88`. RTL8812AU na RTL8821AU, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa nje, ziliingia kwenye 6.14. Ukiwa na kerneli iliyopita namba hizo, adapta ya bei ya chini ya Realtek ni ununuzi halali, na kadiri kerneli ilivyo mpya ndivyo inavyotulia.

Ukiwa nyuma ya namba hizo, jua unachokubali. Utachukua draiva ya nje na kuijenga kwa DKMS, zana inayoijenga upya kwa kila kerneli, jambo linalohitaji `gcc`, `make` na vichwa vya kerneli (mafaili ya kujengea draiva) vinavyolingana kabisa na `uname -r`. Kerneli ikisasishwa, DKMS inajaribu kujenga upya. Maumbo ya ndani ya kerneli yakiwa yamebadilika, ujenzi unakufa na Wi-Fi inatoweka. Na ili kupakua draiva mpya unahitaji intaneti ambayo ndiyo kwanza umeipoteza! Njia ya kutokea ni simu: iunganishe kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti kwa USB, Linux itaiona kama kadi ya mtandao wa waya bila kusakinisha chochote.

Secure Boot, ulinzi wa mashine unaokubali programu zilizotiwa saini tu, nayo ina neno lake. Moduli ya draiva isiyotiwa saini itakataliwa kwa ujumbe "Key was rejected by service". Angalia kwa `mokutil --sb-state`. Kwenye Ubuntu ufunguo wa kusajili uko `/var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`, usajili kwa `sudo mokutil --import`, weka nenosiri, washa upya, na kwenye skrini ya buluu chagua "Enroll MOK". Skrini hiyo haisubiri muda mrefu, na ikikupita unaanza tena.

Kuna pia adapta inayojifanya diski. `lsusb` inaonyesha `0bda:1a2b` na kompyuta inafungua CD yenye draiva za Windows. Redio imejificha nyuma yake. Sakinisha `usb-modeswitch`, kisha:

`sudo usb_modeswitch -KW -v 0bda -p 1a2b`

Baada ya sekunde chache `lsusb` itaonyesha namba mpya, na hiyo ndiyo ya kutafutia draiva.

6. Broadcom

Usinunue. Ukiwa umeikuta ndani ya laptopu, chipu kama BCM4360 inategemea draiva funge (isiyo huria) ya `wl`, kifurushi `broadcom-sta-dkms` kwenye Debian, yenye adha zote za DKMS zilizotajwa juu.

Siku ya kwanza na adapta mpya

Ipime mapema, wakati bado unaweza kuirudisha. `lsusb -t` inaonyesha draiva iliyoshika kila kifaa pamoja na kasi ya tundu: 480M ni USB 2, 5000M ni USB 3. Adapta ya USB 3 ikionyesha 480M, badilisha tundu au waya kabla ya kuilaumu.

Unganisha kwa `nmcli device wifi connect JINA --ask`. Ikigoma bila sababu ya wazi, hakikisha `iwd` na `wpa_supplicant`, programu mbili za kuunganisha Wi-Fi, hazifanyi kazi pamoja. Zikigombania kadi moja, hakuna inayofanikiwa. Usipoona mtandao wa chaneli 12 au 13, tazama `iw reg get`. Nchi ikiandikwa 00, mfumo uko kwenye sheria za tahadhari, na unarekebisha kwa `sudo iw reg set` ikifuatiwa na herufi mbili za nchi uliyopo.

Muunganisho ukilegea kila unapoacha kuutumia, shuku uokoaji wa umeme kwanza. `sudo iw dev wlan0 set power_save off` inajaribu kwa muda, badala ya `wlan0` weka jina la kiolesura chako. Ikisaidia, unda faili kwenye `/etc/NetworkManager/conf.d/` lenye `[connection]` na chini yake `wifi.powersave = 2`.

Mwisho `iw dev wlan0 link`, ukiwa chumba kimoja na ruta. Ishara ya -40 hadi -55 dBm karibu hivyo ni nzuri. Ukiona -75 ukiwa hatua tatu kutoka kwenye ruta, na antena imekazwa, hiyo ni kasoro ya kifaa, kirudishe.