Mikoba ya Ortlieb Back-Roller Classic kwenye baiskeli ya watu wawili

Wanaopanga kupiga kambi kwa baiskeli ya watu wawili, bila gari la kuwabebea vitu, hukabiliwa mapema na ukweli mmoja: waendeshaji wameongezeka, lakini keria hazikuongezeka. Kwa sababu hiyo mikoba hii ya Kijerumani naipima kwanza kwa ujazo. Jozi ya nyuma hubeba lita 40, na jozi ndogo ya mbele ya kampuni hiyo hiyo, Sport-Roller Classic, huongeza lita 25. Jumla ni lita 65 za watu wawili, hema likifungwa juu ya keria ya nyuma.

Zinatosha, lakini kwa masharti. Kumpa kila mtu mikoba yake ni kosa, kwani kila mmoja atafungasha sabuni yake, tochi yake na vitu vyake vya “huenda nikavihitaji”. Afadhali kugawa kwa matumizi: mkoba wa jiko na chakula, wa malazi, wa nguo za wote wawili, na wa vipuri. Kwa mpango huo, mkoba wenye chumba kimoja kikubwa ni faida, ingawa mpenda vijifuko vingi vya nje hataridhika.

Mdomo hufungwa kwa kukunjwa, na mvua haipenyi. Ila kitambaa kisichopitisha maji hakipitishi hewa pia, kwa hiyo nguo mbichi iliyotiwa humo asubuhi itatolewa jioni ikiwa mbichi vilevile, tena inanuka. Ya namna hiyo ifungwe nje.

Kulabu za kuning'iniza mkoba kwenye keria hujifungua ukivuta mshikio, na zinasogezwa nyuma ili mkoba usiguswe na visigino vya mwendeshaji wa nyuma. Ikiwa mitupu, jozi ya nyuma ina uzito wa takribani kilo 1.9, ambao si mdogo, lakini nauona wa haki kwa uimara wake. Vizito vikae chini, na kushoto kulingane na kulia, kwani baiskeli ndefu yenye mzigo wa juu huyumba kiasi cha kuwachosha wote wawili.

Kifuko cha ndani kinafaa kuwekewa waya za akiba za gia na breki za nyuma, ambazo lazima ziwe ndefu kuliko za baiskeli ya kawaida. Anayetaka viti na meza ya kukunja atafute trela.