Miezi 14 na wino wa VersaFine, VersaMark na muhuri wa fundi wa mtaani

Natengeneza kadi kwa mkono hapa Tanga: za harusi, za hongera, za pole, na bahasha ndogo za mkono wa Idi ambazo watoto wanazigombania hata kabla ya kujua ndani mna shilingi ngapi. Kwa mwaka mmoja na miezi miwili sasa natumia pedi mbili za wino za kampuni ya Kijapani ya Tsukineko, VersaFine nyeusi na VersaMark, ambazo shemeji yangu aliniletea kutoka Muscat. Watu wakiyagusa maandishi ya dhahabu na kuhisi yameinuka, lazima waniulize nimefanyaje. Basi nayaeleza yote hapa.

Nianze na wino, maana huko ndiko nilikohangaika zaidi. Mwanzoni nilikuwa nagonga kwa wino wa buluu wa mihuri ya ofisini, ule wa chupa unaouzwa maduka ya vifaa vya kuandikia. Ni wino wa maji, mzuri kwa risiti na barua, lakini kwenye manila unatambaa. Herufi zinaota ndevu, na ukipitisha brashi ya rangi ya maji juu yake, kila kitu kinageuka ziwa la buluu. VersaFine haifanyi hivyo. Rangi yake ni ya chembechembe zinazokaa juu ya karatasi, hainywewi na karatasi, na ikishakauka maji hayaiondoi. Nyeusi yake, wanayoiita Onyx Black, ni nyeusi ya kweli. Muhuri wangu wa tawi la mwarobaini una vishipa vyembamba kama unywele kwenye kila jani, na vyote vinatoka.

Ila wino wa namna hii unataka subira. Oda yangu ya kwanza kubwa ilikuwa kadi 40 za mwaliko wa kicheni pati. Nilizigonga jioni, nikasubiri nusu saa, nikazipanga moja juu ya nyingine nikaenda kulala. Asubuhi kila kadi ilikuwa na maandishi mgongoni, yamegeuka kama kwenye kioo. Nililia kidogo, kisha nikaanza upya. Siku hizi nazitandaza usiku kucha, na nimeachana kabisa na karatasi inayong'aa kwa sababu juu yake wino huu unakawia sana kukauka. Natumia karatasi ngumu isiyong'aa ya gramu 250 kwa mita ya mraba. A4 moja naikata katikati, kila nusu naikunja, napata kadi mbili za sentimita 10.5 kwa 14.8 ambazo zinaingia kwenye bahasha ya C6 bila kubanwa.

VersaMark ndiyo iliyonifanya niipende kazi hii. Haina rangi. Ukiigonga kwenye karatasi nyekundu unapata nyekundu iliyokolea zaidi, kama alama ya maji, na hilo peke yake linapendeza. Lakini inanata, na hapo ndipo penye siri: nyunyizia poda ya dhahabu ya kuyeyushwa kwa joto (embossing powder) juu yake wakati bado mbichi, kung'uta inayozidi uirudishe kwenye kopo, kisha pasha joto. Poda inayeyuka mbele ya macho yako, inageuka kutoka vumbi kuwa dhahabu laini iliyovimba. Nimeshaifanya mara mamia na bado nainama kuangalia.

Usijaribu kwa drya ya nywele. Upepo wake ni mwingi na joto lake dogo, poda itaruka kabla ya kuyeyuka. Mimi nilianza kwa kuazima bloa, kile kifaa cha kupuliza hewa ya moto, ya fundi simu wa jirani, upepo chini kabisa, naishika mbali na karatasi na kuizungusha ili isiungue. Baadaye nikanunua yangu. Na sisi tunaokaa pwani tuna tatizo la unyevu: karatasi inashika unyevu wa bahari, na poda inaganda hata pale ambapo hukugonga. Funga poda ya mtoto kwenye kitambaa cha pamba, ipitishe taratibu juu ya karatasi kabla ya kugonga. Hili lingeniokolea makopo mawili kama mtu angeniambia mapema.

Sasa mihuri. Nilinunua seti ya ile ya plastiki angavu inayobandikwa kwenye kibao cha akriliki. Uzuri wake ni kwamba unaona hasa unapogonga, kwa hiyo kadi hazipindi. Isafishe kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, iweke mbali na jua kwa sababu jua huigeuza rangi na kuikausha. Maua na mipaka yake natumia kila wiki. Maneno yake situmii kabisa, kwa kuwa yote ni ya Kiingereza. Nilimpelekea mama kadi niliyoihangaikia siku nzima, akaigeuza, akaisifu dhahabu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, imeandikwa nini?" Swali lile lilinichoma.

Kesho yake nikaenda kwa fundi mihuri, hawa wanaotengeneza mihuri ya ofisi na ya serikali za mitaa. Nikamwandikia kwenye karatasi: Hongera, Pole kwa msiba, Mkono wa Idi. Akashangaa kidogo kwamba sitaki duara, tarehe wala nafasi ya saini. Alinitoza shilingi 20,000 kwa kila mmoja, na baada ya siku mbili nilikuwa na maneno yangu.

Ukienda kwa fundi kama huyu, mwambie mapema kwamba hutaki muhuri wa kujipaka wino wenyewe. Ule una pedi yake ndani yenye wino wa ofisini, na utarudi kwenye ndevu zile zile. Omba mpira peke yake, ubandikwe kwenye kipande cha mbao, ndipo utumie wino unaoutaka. Omba pia herufi nene kiasi na zenye nafasi. Wa kwanza wangu tulichagua mwandiko wa kujikunja, na matumbo ya "g" na "e" yakawa yanajaa poda kila mara. Tulifanya upya.

Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, nunua VersaFine na umpe fundi neno moja la Kiswahili. Poda na bloa vinaweza kusubiri. Seti ya plastiki ningeinunua mwisho.

Wiki hii nimempelekea fundi kitu kigumu zaidi: mchoro wa korosho kama zile za kwenye pindo la khanga, pamoja na mstari mrefu wa herufi kubwa tupu, ili niweze kupanga kadi kama khanga yenyewe, pindo pande zote, mji katikati na jina chini. Ameukagua kwa muda mrefu, akasema baadhi ya nukta zitapotea kwenye mpira. Tumekubaliana azikuze kidogo. Nitaufuata Alhamisi.