Honda CB750 au Kawasaki Z1? Mimi nachukua Z1

Kama hela inatosha moja tu kati ya hizi pikipiki mbili za zamani, nasema mapema kabisa, mimi nachukua Kawasaki. Watu wa Honda najua mtanirukia, poa tu.

CB750 ilitoka 1969 na ndo iliyowatoa jasho watengeneza pikipiki wa Uingereza, silinda nne, cc 736, nguvu ya farasi kama 67, diski mbele na stata ya umeme, yaani wenzao bado wanapiga kiki na oili inawadondokea chini, hiyo heshima hakuna wa kuwanyang'anya. Kawasaki nao walikuwa wanapika 750 yao kimyakimya, Honda akawawahi, wakarudi kujipanga upya wakaja na Z1 mwaka 1972, cc 903, kamshafti (shafti zinazofungua valvu) mbili juu, farasi 82. Honda inakwenda kistaarabu, laini, unaweza kwenda nayo mbali bila kuchoka. Z1 ukiifungua, kuanzia katikati kwenda juu inakuvuta mikono hasa! Ila kona za spidi inayumba, na breki za zote ni za kuombea dua, diski moja mbele na drum nyuma kwa chombo cha zaidi ya kilo 200.

Sasa kwa mkusanyaji, mambo yako kwenye vitu vidogo. Honda inayogombaniwa ni zile 7,414 za mwanzo, wanaziita sandkasti, yaani ganda la injini lilimiminwa kwenye kalibu ya mchanga, ndo maana lina ukwaruukwaru, pitisha kidole utausikia. Bei yake si ya mchezo, ndo maana usiangalie ganda tu, soma na namba ya fremu. Halafu chuchumaa upande wa sproketi ya mbele umulike na tochi vizuri, kwa sababu hizi za mwanzo cheni ikikatika ilikuwa inapasua ganda, na muuzaji hawezi kukwambia kwamba pale pamechomelewa.

Z1 ya modeli ya 1973 injini yake ni nyeusi, ya 1974 wakaacha rangi ya alumini. Ukikuta nyeusi inang'aa kama imetoka kiwandani jana, uliza imepakwa lini na nani. Eksozi ndo kilio cha zote mbili, ziko nne nne na zinaoza kwa ndani wakati nje kromu bado inacheka, na seti ya orijino ikipatikana utalia. Za kopi zipo, kwa kuendesha hazina shida, ila thamani inashuka.

Matengenezo Honda ni rahisi, valvu unarekebisha kwa spana na geji tu, Z1 mpaka upime na kubadilisha vishimu, vile visahani vidogo vya chuma vya kuweka nafasi ya valvu. Lakini krankshafti ya Z1 bana, shafti kubwa inayozungushwa na pistoni, ile ya beringi za rola, ni chuma kweli, watu wa mashindano wameitesa miaka na miaka na bado inadai.

Ila kama moyo wako uko Honda na unataka ya kuendesha, achana na sandkasti, tafuta K1 au K2, matoleo ya CB750 yaliyofuata, raha ni ileile na hela ya eksozi inabaki.