Alteplasi au tenekteplasi kwa mgonjwa wa kiharusi?

Swali hili halina mwisho katika hospitali za Marekani. Dawa zote mbili huyeyusha damu iliyoganda ikaziba mshipa wa ubongo, na huko zote zimeidhinishwa kutolewa ndani ya saa 3 tangu dalili zianze.

Kwa utoaji, tenekteplasi inashinda waziwazi: sindano moja ya sekunde 5, basi. Alteplasi huanza na asilimia 10 ya dozi, iliyobaki hupita kwenye pampu kwa dakika 60. Mgonjwa akihamishiwa hospitali kubwa, pampu nayo husafiri naye.

Kwa kibali, alteplasi ndiyo kongwe: FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliipitisha kwa kiharusi mwaka 1996. Tenekteplasi ilisubiri hadi 2025, ingawa kwa mshtuko wa moyo ilikubaliwa tangu 2000. Hapo ndipo ninapopaogopa: dozi ya moyo hufika miligramu 50, ya kiharusi haizidi 25. Aliyezoea ya moyo akijisahau, hatari ya damu kuvuja ubongoni hupanda.

Kituo kidogo kinachohamisha wagonjwa usiku ningekipa tenekteplasi. Penye timu iliyoizoea alteplasi, wauguzi wafunzwe dozi mpya kwanza, ndipo wabadili.