By the Sea: riwaya iliyotugombanisha kwa nyumba ya watu

Nianze na lawama, maana ndizo nilizozisikia kwanza. Kwenye kikundi chetu cha kusoma hapa Upanga, nusu ya watu walikwama mwanzoni tu mwa By the Sea. "Mbona hiki kitabu hakiendi?" dada mmoja aliuliza, na sikumlaumu. Mzee Saleh Omar anatua Gatwick akijifanya hajui Kiingereza, anaomba hifadhi, kisha badala ya kutuambia anakimbia nini, anatupeleka kwenye pepo za kaskazi, majahazi na samani za dukani kwake Unguja. Abdulrazak Gurnah aliitoa mwaka 2001, miaka ishirini kabla ya kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na inakwenda kama mzee anayesimulia barazani: anaanza, anaacha, anakumbuka jina la mtu, anapotelea hukohuko.

Mimi ilinishika palepale uhamiaji. Ofisa anapekua begi la mzee, anakuta kasha dogo lenye udi, anauliza hiki nini, ananusa, halafu anakichukua. Basi. Hakuna kelele wala ngumi. Nilifunga kitabu nikaenda kuchemsha chai, hasira zimenijaa.

Utamu wenyewe unakuja baadaye. Mzee amesafiri kwa pasipoti yenye jina la marehemu Rajab Shaaban Mahmud, na mtoto wa Rajab huyo, Latif, ni mwalimu wa chuo kikuu London. Wanapokutana, madai ni nyumba. Rajab aliiweka rehani kwa Hussein, mfanyabiashara wa Bahrain, naye Hussein akaitumia hati kukopea kwa Saleh, kisha akaondoka na msimu asirudi tena, na Saleh akaichukua nyumba. Latif anakumbuka baba yake akiporwa. Saleh anakumbuka deni halali. Na kuna kimeza cha mpingo: Latif, akiwa mtoto, alitumwa na mama yake kwa Saleh akakiombe, akarudi mikono mitupu. Mtu mzima, msomi, bado kinamuuma.

Hapo kikundi kikapasuka. Jamaa mmoja, ambaye ukoo wao una kesi ya nyumba ya urithi Kariakoo, akasema Saleh ni mwizi tu mwenye karatasi. Bibi mmoja, mzaliwa wa Unguja, akamkatiza: "Karatasi ni karatasi, mwanangu. Baba mtu alisaini kwa mkono wake." Mwingine akauliza, mtu kama Saleh, akishafungwa jela miaka yote ile, mke na binti wakafa yeye yuko kifungoni, bado anadaiwa nini? Tukaongea mpaka swala ya magharibi, na hakuna aliyebadili upande.

Kasoro zipo. Sehemu ya mwisho ni wanaume wawili wanazungumza chumbani, wanazungumza tena, na Rachel, mwanasheria anayemsaidia Saleh, angestahili kurasa zaidi. Niliisoma kwa Kiingereza, lakini mabishano yao yote masikioni mwangu yalikuwa Kiunguja kitupu. Ukiwa umeisoma Peponi, yaani riwaya ya Gurnah iitwayo Paradise kwa Kiswahili, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, utanielewa.

Kwa anayetaka kisa cha mbio, aiache. Kwa wenye mzee nyumbani anayependa kusimulia, naipa nyota nne, na isomeni pamoja. Kuhusu kimeza, yule bibi wa "karatasi ni karatasi" bado namkatalia: Saleh angempa tu mtoto wa watu akaondoka nacho.