Uzoefu wangu: msaidizi wa akili unde na nyaraka za mfumo wa mizani ya korosho

Mfumo wenyewe ni wa AMCOS moja, yaani chama cha ushirika cha wakulima, upande wa Tandahimba. Unapokea uzito kutoka kwenye mizani, unatoa risiti ya mkulima na kujumlisha magunia yaliyoko ghalani kabla ya mnada. Aliyeuandika alihamia Dar es Salaam bila kuacha hata ukurasa mmoja wa maelezo. Mimi niko Mtwara mjini. Nilikabidhiwa Agosti, na msimu huku kwa kawaida hufunguliwa Oktoba. Faili 140 za lugha ya programu ya PHP, majina nusu Kiswahili nusu Kiingereza. Nikalipia msaidizi wa akili unde miezi miwili anisaidie kuandika nyaraka.

Kwa kueleza msimbo, yaani maandishi ya programu, unafanya nini, amenifaa mno. Ramani ya majedwali ya hifadhidata, ambayo ningeihangaikia wiki nzima, niliipata kabla ya adhuhuri. Nilipoilinganisha na hifadhidata yenyewe nikakuta kosa moja tu.

Shida ni pale unapotaka kujua kwa nini. Kuna mstari unaosema $makato = $magunia * 1, halafu makato hayo yanatolewa kwenye kilo. Msaidizi akaandika, bila kusita, kwamba ni ushuru wa kilo moja kwa kila gunia. Nilisoma mara mbili nikakubali, maana neno lenyewe "makato" linakupeleka huko. Kesho yake nilikuwa na safari ya ghalani, nikamuuliza karani wa mizani, mama aliyeshika kazi hiyo tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, wa kuuza korosho kupitia ghala, ulipoanza huku mwaka 2007.

"Shikamoo mama. Hii kilo moja mnakata ya nini?"

"Marahaba. Mwanangu, si gunia lenyewe hilo! Mkulima analipwa korosho, halipwi gunia."

Sasa mchukulie atakayekuja baada yangu. Amesoma "ushuru", ushuru umebadilika, anakwenda kuigusa ile 1. Wakulima wangepunjwa gunia kwa gunia, na karatasi ingeonyesha kila kitu kiko sawa. Bora faili lile lingebaki bila maelezo kabisa.

Tangu siku hiyo nilibadili maagizo. Kila sentensi itaje faili na namba ya mstari ilikotoka. Sababu isipoonekana kwenye msimbo, asibuni, aandike SWALI. Yalitoka maswali 61, na hayo ndiyo yaliyonifaa kuliko kurasa zote alizoandika. Niliyachapa nikazunguka nayo kwa karani, mhasibu na mlinzi wa ghala, na kwa simu kwa yule jamaa wa Dar.

Amri za kompyuta anazoziandika nazo usizipokee kwa macho. Niliendesha kila moja kwenye kompyuta iliyofutwa, na moja ilikuwa na kigezo cha --msimu ambacho hakipo popote kwenye mfumo.

Mwongozo wa makarani niliutaka kwa Kiswahili. Rasimu ya kwanza ilimwita mkulima "mteja" na ghala "bohari", Kiswahili sahihi lakini si cha pale. Nilimpa orodha ya maneno 30 ya ghalani, akanyooka. Jueni tu kwamba ukitozwa kwa tokeni, yaani vipande vya maneno anavyovisoma na kuviandika msaidizi, Kiswahili hukatwa vipande vingi kuliko Kiingereza, hivyo ukurasa uleule unakula pesa zaidi. Nyaraka za watengenezaji nikaziacha kwa Kiingereza.

Kabla ya kumpa chochote niliondoa nywila, majina ya wakulima na namba zao za akaunti. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, hesabu ya mtu ya korosho si ya kusambaza. Nyaraka zote zinakaa ndani ya hazina ya msimbo, pale faili za programu zinapotunzwa, kama maandishi ya kawaida, na nakala iliyochapwa iko ghalani. Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika tulikaa siku kadhaa intaneti ikisuasua. Karani hawezi kusubiri intaneti mkulima akiwa amesimama na magunia yake.

Nitalipia tena mwakani, kwa masharti hayohayo. Maswali 9 bado hayajajibiwa, mengi ni ya hesabu za kufunga msimu. Jamaa wa Dar ameahidi akija Idi tutakaa naye mbele ya msimbo, mstari kwa mstari.